Moro Hatuna Shida ya Uwanja, Tuna Shida ya Timu

Kuna staa mmoja, jina naliacha maana mashabiki wake hawachelewi kushusha mvua ya matusi, alipita Moro akapiga picha amekaa kwenye ngazi za zege za Uwanja wa Jamhuri. Picha kali, sikatai. Nyuma yake milima ya Uluguru imevaa ukungu, yeye miwani meusi, raba nyeupe ambayo hapo Jamhuri ilikuwa na dakika tano tu za kubaki nyeupe. Chini ya picha akaandika kwamba Moro ni mji mzuri ila uwanja umechoka, tunastahili uwanja wa kisasa kama wenzetu.

Basi ikawa shangwe. Na walioongoza kushangilia ni watu wa Moro wenyewe. "Umeongea boss." "Wakubwa wasikie." Mwingine akasema mji kasoro bahari sasa umekuwa kasoro bahari na kasoro uwanja.

Mimi nikabaki na swali moja ambalo sikuona mtu akiuliza. Huo uwanja wa kisasa atacheza nani?

Sitanii. Tuchukulie kesho wanakuja wakandarasi, wanavunja lile jukwaa, wanaweka viti vya plastiki vya rangi, taa, nyasi zinazong'aa hadi usiku. Jumamosi ya kwanza baada ya ufunguzi, saa kumi jioni, timu gani ya Morogoro mjini inatoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo kucheza Ligi Kuu? Itaje. Usiniambie Simba na Yanga. Hao ni wageni.

Ngoja twende taratibu, maana najua wengi tunaosoma hapa Jamhuri tumeijua kwa tamasha. Umeingia pale usiku, kuna jukwaa la chuma, moshi wa rangi, msanii kachelewa masaa matatu. Au umeingia mchana kwa mkutano wa siasa, au mkutano wa injili. Kwa kizazi chetu Jamhuri ni ukumbi usio na paa. Mpira ni kitu kinachotokea pale mara chache, na kikitokea kinakuwa na wenyewe kutoka mbali.

Mfano wa karibuni kabisa. Machi 2024, Simba walihamishia mechi yao ya nyumbani Jamhuri dhidi ya Tanzania Prisons. Nyumbani! Timu ya Msimbazi, Dar es Salaam, iko nyumbani Morogoro, inacheza na timu ya Mbeya. Uwanja ukajaa, watu wakavaa nyekundu, na Simba wakafungwa 2-1. Baada ya hapo basi la Simba likarudi Dar, la Prisons likarudi Mbeya, na sisi tukabaki na maganda ya karanga. Hiyo ndo hali ya Jamhuri kwa sasa. Ni nyumba ya kupangisha ambayo hata mwenye mtaa hana chumba ndani yake.

Halafu miezi miwili baadaye, tarehe 13 Mei 2024, Yanga wakachukua ubingwa wa Tanzania ndani ya mkoa huu huu wa Morogoro. Wangapi mnakumbuka ilikuwa wapi? Haikuwa Jamhuri. Ilikuwa Manungu, Turiani, katikati ya mashamba ya miwa, karibu kilomita 100 kutoka hapa mjini. Walimfunga Mtibwa Sugar 3-1 na ubingwa ukaishia pale. Yaani sherehe kubwa kuliko zote za mpira wa nchi hii ilifanyika kwenye kiwanja cha kiwanda cha sukari, watu wengine wako juu ya miti, na uwanja mkubwa wa mkoa uko mjini umelala.

Na msisahau kitu. Ndani ya kikosi kile cha Yanga kulikuwa na mabeki watatu waliopitia Mtibwa hiyo hiyo waliyokuja kuizika. Siwataji, mnawajua, jezi zao mnazo. Wamekulia kwenye mpira wa mkoa huu, wakaondoka wadogo, wakarudi wakubwa na rangi ya watu wengine. Mtibwa msimu ule ule ikashuka daraja.

Sasa kabla mtu hajaja na ile hoja ya "Moro hakuna mpira", tusikilizane kidogo.

Mwaka 1975 bingwa wa Tanzania alikuwa Mseto ya Morogoro. Soma tena. Kabla ya hapo ubingwa wa taifa ulikuwa unazunguka Dar es Salaam tu, kati ya Sunderland ambayo leo ndo Simba, Cosmopolitans na Yanga. Timu ya kwanza kuuchomoa nje ya Dar ilikuwa ya kwetu. Ukimwambia kijana wa Kihonda leo anadhani unamtania.

Ikaja Reli Morogoro. Hawa wazee wa mtaani wakiwaongelea mpaka sauti inabadilika. Reli ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli, na jina lake la utani lilikuwa Kiboko ya Vigogo. Vigogo ni Simba na Yanga. Hilo jina halikupatikana kwa kupiga kelele, lilipatikana kwa sababu vigogo walikuwa wakija Jamhuri wanaacha pointi. Kulikuwa na Tumbaku pia, nayo ikawa na watu wake. Baadaye Polisi Morogoro wakapanda na kushuka, mara ya mwisho wakacheza Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kushuka pale pale. Moro United nao, jina zuri kabisa la mji, wakafika hadi kucheza michuano ya Afrika, kisha timu ikaenda zake Dar. Timu inaitwa Moro, inaishi Dar. Hiyo peke yake ilitakiwa ituamshe.

Kuna mzee mmoja hapa mtaani, mstaafu wa reli, tunakunywa naye kahawa jioni. Siku moja nikamuonyesha ile picha ya staa kwenye simu. Akaivuta karibu, akaiangalia muda mrefu, nikadhani anaangalia uwanja ulivyochakaa. Kumbe anahesabu ngazi.

"Huyu kakaa pale walipokuwa wanakaa watu wa karakana," akaniambia.

Nikamuuliza, "Mzee, kulikuwa na sehemu za watu?"

"Mwanangu, sisi tulikuwa tunatoka kazini pamoja, unadhani tungekaa mbalimbali?"

Hilo jibu lilinikaa kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu maendeleo ya michezo. Wale watu hawakwenda uwanjani kuangalia uwanja. Walienda kumuangalia mtu wanayefanya naye kazi, anayekaa nyumba ya pili, ambaye Jumatatu watakuwa naye zamu moja na akicheza vibaya watamwambia usoni. Timu ilikuwa inatoka kwenye mshahara wao na kwenye mtaa wao. Uwanja ulikuwa ni mahali pa kukutania tu.

Na hapa ndo penye stori yenyewe, ambayo picha ya staa haiwezi kuionyesha. Jamhuri haikuuawa na nyufa. Timu zake ziliondoka kwanza, na timu ziliondoka kwa sababu kilichokuwa kinazilisha kiliondoka.

Moro ilikuwa mji wa kazi. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1907 enzi za Wajerumani, na mji ukakua na reli. Miaka ya 1970 na 1980 mji ukapangiwa kuwa wa viwanda, vya nguo, ngozi, magunia, viatu. Kile cha viatu ndo maarufu kwa ubaya. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingi ziuzwe Ulaya, kikaishia kutoa sehemu ndogo sana ya hizo na soko la Ulaya wakalisikia redioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimeshazimika. Vingine vikafungwa, vingine vikabinafsishwa, vingine vikawa maghala. Reli nayo ikapunguza watu, ikakodishwa, ikarudishwa, ikahangaika.

Sasa niambie, kiwanda kikishindwa kulipa mshahara kitalipa basi la timu? Shirika likipunguza mafundi litabakiza winga? Timu za mashirika zilikufa kimya kimya, hakuna aliyetangaza msiba. Siku moja tu unagundua miaka imepita hujasikia jina.

Anayebisha aangalie Mtibwa. Katika mkoa mzima, timu iliyodumu muda mrefu juu ni ya kiwanda ambacho bado kinafanya kazi. Sukari inatoka, timu ipo. Wakachukua ubingwa 1999, wakarudia 2000, wakabeba Kombe la Shirikisho 2018. Hata waliposhuka 2024, msimu uliofuata wakapanda. Hawana uwanja wa kupigia picha. Wana kiwanda, wana kijiji nyuma yao, wana watoto wanaofundishwa mpira. Walipokuwa wanacheza Jamhuri, mfano msimu wa 2020/21 walipotoka 1-1 na Simba pale mjini, sisi wa mjini tulikwenda kama watazamaji wa kukodi. Nusu ya uwanja nyekundu. Mwaka uliofuata wakawa wanawapokea hao vigogo kwao Manungu, kiwanja kile kile kilichochekwa na nchi nzima kwa tope, na Simba wakatoka na suluhu. Nani alikuwa mjanja hapo?

Upande wa pili wa mfano uko Dar, na huu ndo unaonimaliza kabisa. Pale Jangwani kuna uwanja wa Yanga unaitwa Kaunda, kwa heshima ya Rais wa kwanza wa Zambia. Kama kuna uwanja wa mpira uliokufa katikati ya jiji Tanzania hii basi ni ule. Bonde la Msimbazi likifurika, uwanja unakuwa bwawa. Matete, tope, vyura. Kila uongozi unaoingia unakuja na michoro ya uwanja mpya, wanachama wanapiga makofi, michoro inakunjwa, mvua inanyesha tena.

Kwa hesabu za staa wetu, Yanga ilitakiwa iwe imekufa na Kaunda yake. Lakini Yanga hiyo hiyo imebeba ubingwa mara nne mfululizo, 2022 hadi 2025, na ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Wanacheza viwanja vya watu, wanafanya mazoezi kwa watu, na nchi nusu ni yao. Wao wana timu, uwanja umezama. Sisi tuna uwanja mkavu kabisa, wenye mandhari ambayo Dar hawataipata hata wakijenga mlima kwa zege, na hatuna timu. Mnaona nani ana shida?

Najua kuna hoja ya umiliki, na siikimbii. Jamhuri ni mali ya CCM, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Sokoine Mbeya, Kirumba Mwanza, Sheikh Amri Abeid Arusha, Mkwakwani Tanga, orodha ni ndefu. Vilijengwa enzi za chama kimoja, wakati chama na serikali na wananchi walikuwa wanahesabika kitu kimoja, na vyama vingi viliporudi 1992 viwanja vikabaki chamani. Kuna watu wanasema virudishwe halmashauri. Kuna watu wanasema chama kinavitunza kwa uwezo wake na anayetaka ajenge wake. Maoni yangu mimi ni kwamba mwenye uwanja asiye na timu hana sababu ya kuamka usiku akiwaza nyasi. Anawaza tamasha linalipa kiasi gani. Hilo si kosa la chama fulani, hata wewe ungepewa ungefanya hivyo, kodi ya jukwaa la muziki inakuja kwa usiku mmoja na mashabiki wa daraja la chini wanakuja na elfu mbili mbili.

Ila hata ukibadilisha jina kwenye hati leo, ukampa manispaa, ukampa TFF, ukanipa mimi, Jumamosi saa kumi jioni bado tunarudi kwenye swali langu. Acheze nani?

Tuongee na sisi wenyewe sasa, maana kulaumu wakubwa ni rahisi na kunaleta wafuasi.

Mpira wa televisheni ulipoanza kuingia kila kona, hasa Azam TV walipoanza kuonyesha ligi yetu msimu wa 2013/14, sisi tulihamia vibanda umiza. Sina ubaya na vibanda, nimeliwa jero zangu nyingi huko. Lakini zamani ukitaka kumuona Simba ilibidi umsubiri aje Jamhuri kucheza na timu yako, na ukishaingia pale ulikuwa na upande. Sasa unamuona kila wiki bila kusubiri, na timu ya mtaa wako ikicheza saa hiyo hiyo uwanja wa vumbi wanakuwa pale mwamuzi, wachezaji, na mama wa maandazi.

Halafu ikaja treni ya umeme. Juni 2024 SGR ikaanza safari za Dar na Moro, na sasa mtu anatoka Kihonda anafika Dar chini ya masaa mawili. Raha tupu. Lakini fanya hesabu na mimi. Nauli ya daraja la kawaida ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Tiketi ya mzunguko kwa Mkapa mara nyingi kama elfu tano. Kula, bodaboda, soda, weka elfu kumi na ushee. Zaidi ya elfu arobaini inatoka mfukoni kwa kijana mmoja wa Moro, siku moja, kwenda kuishangilia timu ya Dar. Washkaji thelathini wakijikusanya, na wanajikusanya kila mechi kubwa, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki mbili imepanda treni asubuhi na haikurudi jioni. Reli ndo iliyotujengea Kiboko ya Vigogo. Leo reli inatubeba kwenda kuwashangilia vigogo. Ukiwaza sana unaweza kulia, ila siti ni laini.

Sisemi watu waache Simba na Yanga. Nani ataacha? Mimi mwenyewe nina upande wangu na siku ya dabi usinipigie simu. Nasema kuwa na upande wa Dar hakujawahi kumzuia mtu kuwa na timu ya kwao. Waulize Mbeya.

Mbeya City ilianzishwa 2011 na halmashauri ya jiji. Msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, wakamaliza nafasi ya tatu. Wale watu walikuwa wanajaza Sokoine hadi unashangaa. Uwanja wenyewe ni wa aina ile ile kama Jamhuri yetu, mwenye mali ni yule yule, zege ni lile lile. Hakuna aliyewajengea uwanja wa kisasa kwanza. Walipata timu wanayoweza kuiita yetu, wakavaa jezi zake, wakaifuata na mabasi mikoani, na ghafla uwanja mkongwe ukawa sehemu ya kwenda. Baadaye wakashuka, wakapanda, mpira ndivyo ulivyo. Lakini hakuna mtu wa Mbeya anayekosa jibu ukimuuliza Jumamosi anacheza nani.

Kuna Ruangwa pia, mji mdogo ambao wengi tulikuwa hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani. Namungo ikapanda Ligi Kuu 2019 na sasa Ruangwa ni jina la kwenye ratiba. Sawa, mtasema wana mkubwa nyuma yao. Kweli. Na sisi tuna wangapi?

Maana hapa ndo nataka kufika. Moro ina watu wenye hela. Kuna tajiri mmoja hapa mjini, magari yake mnayaona yanapita Msamvu kila siku, ambaye kila Simba na Yanga wakija anafungua mkoba kwenye hafla, anapigwa picha, anaahidi milioni kadhaa kwa kila goli. Kwa kila goli! Kwa wachezaji wanaolipwa mshahara ambao hata yeye angeukubali. Timu ya vijana wa mtaa anaokaa yeye ilimpelekea barua ya kuomba mipira. Nasikia barua bado inasomwa.

Kuna msanii wetu mmoja, mtoto wa hapa hapa, kila wimbo anataja Moro, Moro, Moro Town. Nampenda, sauti yake inanipa raha. Ila kwenye picha zake zote za jezi hakuna hata moja ya timu ya kutoka Morogoro. Hata ya Mtibwa. Enzi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba mji huu uligawanyika vipande viwili kwa bendi zake wenyewe, watu wakagombana kabisa kwa ajili ya Mbaraka Mwinshehe na wenzake. Walikuwa na ubishi wa kwao. Sisi hata ubishi tunaagiza kutoka Dar.

Kuna na yule kiongozi, simtaji cheo, ambaye kila uchaguzi ukikaribia anatoa kombe lenye jina lake. Timu kumi na kitu za mitaani, jezi mpya, ng'ombe kwa mshindi. Vijana wanacheza mpira wa maana kweli kweli, nimeona kiungo pale Mwembesongo anayepiga pasi ambazo ungesema ana macho kisogoni. Kombe likiisha, ng'ombe akiliwa, kila mtu anarudi kwao na jezi inakuwa nguo ya kufulia. Ukichukua hela za makombe matatu ya namna hiyo ungesajili timu, ungelipa kocha mwenye leseni, ungelipia ligi ya mkoa. Lakini ligi ya mkoa haina picha nzuri.

Wakati huo huo tunazungumza uwanja wa kisasa kwa sababu AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha wanajengewa uwanja wa watu 30,000. Hongera yao. Swali langu nawaachia na wao, watalijibu baada ya wageni kuondoka.

Na wakati tunapiga kelele za uwanja mkubwa, vile viwanja vidogo ambavyo ndo vinazalisha vinakatwa pembe. Leo fremu mbili za maduka, kesho kituo cha bodaboda, keshokutwa mtu kaja na karatasi anasema ni kiwanja chake. Kihonda ya miaka kumi iliyopita na ya leo ni vitu viwili tofauti, kwa anayekumbuka palikuwa na nafasi kiasi gani ya kucheza. Hakuna staa aliyekuja kupiga picha pale. Hapana ngazi, hapana milima nyuma, kuna vumbi na goli la miti.

Uluguru inawapa Dar maji ya Ruvu. Inawapa ndizi, mboga na matunda. Inawapa mabeki. Yote yanashuka mlimani kwenda kule, na kinachopanda kurudi ni jezi za kununua.

Kwa hiyo staa wangu, ukija tena Moro karibu. Jamhuri kaa hata kutwa, Morningside panda, maporomoko ya Choma piga picha mpaka simu iishe chaji. Lakini ukitaka kutusemea, tusemee hili. Manispaa ina timu gani? Wenye viwanda vilivyobaki na vilivyofufuka wana timu gani? Vyuo vyote hivi vilivyojaa Moro, wanafunzi maelfu kwa maelfu, vimeshindwaje kuwa na timu inayogonga hodi Ligi Kuu? Na sisi tunaojaza magroup ya WhatsApp ya mashabiki wa Moro wa Simba na mashabiki wa Moro wa Yanga, tumeshawahi kuchanga hata buku tano tano kwa timu yenye neno Moro inayolala hapa hapa Moro?

Mimi elfu ishirini na tano ya jezi ninayo, iko kwenye simu, sijaigusa. Nasubiri tu kuambiwa ni ya timu gani.